Kuficha Maradhi Si Haya

Ndugu zetu Waislamu, katika miji yetu ya Malindi, Mambrui, Takaungu na Kilifi hutokea mwanamke akahisi kivimbe kidogo, au maumivu, katika titi lake. Hamwambii mumewe wala mamaye. Usiku halali kwa hofu. Mchana hutafuta hirizi, na akiulizwa husema ametawakali.

Twasema: huko si kutawakali. Mtume wetu (S.A.W.) alituamrisha kujitibu, akatufunza kuwa kila maradhi yana dawa isipokuwa uzee. Na anayezuiwa na haya na amkumbuke Rufaida wa Madina, aliyewauguza majeruhi katika hema lake msikitini. Miongoni mwao alikuwa Saad bin Muadhi, baada ya vita vya Khandaki, mwaka wa 5 wa Hijra. Daktari wa kike akipatikana, ndiye bora. Asipopatikana, dharura yamruhusu wa kiume kutazama penye maradhi.

Vivimbe vingi vya titi si saratani, na maumivu yajayo na hedhi mara nyingi hayana madhara. Lakini hayo hayajulikani kwa kukisia. Kivimbe kisichoondoka, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, ni vya kuonyeshwa daktari upesi, kwani saratani ikigunduliwa mapema hutibika kwa wepesi zaidi.

Enyi waume, wapelekeni wake zenu hospitali, wala msingoje kuombwa. Wazee wetu walisema: mficha uchi hazai. Muombeni Mwenyezi Mungu shifaa, nanyi mko njiani kwenda kwa tabibu.