Tarehe Iliyo Kwenye Friji

Jumapili iliyopita, baada ya ibada yetu ya Kiswahili hapa Minneapolis, nilikaribishwa chai kwa familia moja ya usharika. Theluji ya Machi ilikuwa inayeyuka, viatu vyetu tukaviacha mlangoni juu ya magazeti. Jikoni, kwenye mlango wa friji, ilining'inia kalenda, na siku moja ya Aprili ilikuwa imezungushiwa duara jekundu. Pembeni ya duara mama mwenye nyumba alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: DAKTARI WETU.

Binti mwenyewe alikuwa mezani, kompyuta mbele yake, kikombe cha chai ya tangawizi kimeshapoa.

"Shikamoo, Mchungaji."

"Marahaba, mwanangu. Masomo yanakwendaje?"

Alisema yanakwenda vizuri, kisha akaangalia pembeni. Mama yake alikunywa chai nusu kikombe, akaomba radhi akaenda kujinyoosha kidogo, kwa kuwa usiku ule alikuwa na zamu kwenye nyumba ya kulelea wazee. Mlango wa chumba ulipofungwa, binti akaniambia kwa sauti ya chini, "Mchungaji, nadhani siko tayari. Lakini mmeshaniombea."

Maneno hayo hayajanitoka wiki nzima. Nimeona niyaandike kwako, kwa ruhusa yake na ya mama yake, kwa sababu najua si yeye peke yake mwenye siku iliyozungushiwa duara na watu wengine.

Labda nieleze kwanza, maana wazazi wengi wamekuwa wakiniuliza mlangoni baada ya ibada: huyu mtoto si amemaliza chuo? Mtihani wa nini tena? Sisi tuliokulia Tanzania tunajua njia nyingine. Kijana anamaliza kidato cha sita na Fizikia, Kemia na Biolojia, matokeo yakiwa mazuri anaingia Muhimbili au KCMC, anasoma miaka 5, anafanya mwaka 1 wa mafunzo kazini hospitalini, anakuwa daktari. Hapa Marekani anasoma kwanza shahada ya kawaida kwa miaka 4. Kuelekea mwisho wake, au baada ya kuimaliza, ndipo anafanya mtihani unaoitwa MCAT, unaosimamiwa na chama cha vyuo vya udaktari, AAMC. Akipokelewa anasoma miaka 4 mingine, na baada ya hapo kuna mafunzo ya hospitalini yasiyopungua miaka 3. Kwa hiyo mtihani huu uko katikati ya njia, kama mto ambao hauna budi kuvukwa.

Nao si mto mdogo. Mtu anaingia asubuhi na kutoka alasiri, jumla ya muda wa saa saba na nusu hivi pamoja na mapumziko. Maswali ni 230, katika sehemu 4: kemia na fizikia, biolojia na biokemia, saikolojia na mambo ya jamii, na sehemu moja isiyouliza sayansi kabisa, ila inakupa maandishi magumu ya Kiingereza uyasome na kuyachambua, maswali 53 kwa dakika 90. Kwa kijana ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu, sehemu hiyo ndiyo inayomnyima usingizi. Alama zinaanzia 472 na kuishia 528, na wanaopokelewa vyuoni miaka ya karibuni wastani wao umepita 511. Majaribio matatu aliyokuwa ameyafanya binti yetu yalimpa 499, 501, kisha 498.

Mtihani unafanyika siku nyingi, kuanzia Januari hadi Septemba, na mwanafunzi huchagua siku yake mwenyewe. Unaweza kudhani kwamba uhuru huo ni nafuu. Kwake ulikuwa mzigo. Anayepangiwa siku na serikali anaweza kuilaumu serikali; anayejichagulia hana wa kumlaumu.

Na zaidi ya hapo, matokeo hayasahauliki upesi. Mtu haruhusiwi kuufanya zaidi ya mara 3 kwa mwaka, mara 4 kwa miaka 2 mfululizo, na mara 7 katika maisha yake yote. Siku ya mtihani unaweza kuomba usisahihishwe, lakini hata hilo linahesabiwa kuwa ni mara moja. Na unapoomba nafasi chuoni, alama zako za nyuma wanaziona pamoja na za sasa. Kwa hiyo ushauri tunaoutoa kwa upendo, "Nenda tu, Mungu yupo", unaweza kumgharimu mtoto wa mtu kuliko tunavyodhani.

Hapa lazima niseme jambo langu. Ile siku ya Aprili niliitangaza mimi, mimbarini, mwezi wa Januari. Nilimwita mbele, nikamwekea mikono, nikaitaja tarehe, na watu wakasema amina kwa nguvu. Nilifanya kwa furaha. Sikumwuliza kwanza. Na tangu siku hiyo kila Jumapili kuna shangazi mmoja au wawili wanaomshika mkono na kumwuliza zimebaki wiki ngapi. Niliposikia "mmeshaniombea", nilitambua kwamba maombi yangu yalikuwa yamegeuka ukuta nyuma ya mgongo wake. Nilimwomba msamaha pale pale mezani. Alinyamaza, akanisogezea sahani ya maandazi, na mimi nikaelewa kwamba nimesamehewa.

Je, wewe umewahi kuombewa jambo mpaka ukaona aibu kubadili mawazo? Au umewahi kumpenda mtu kwa namna hiyo, ukamfungia mlango wa kurudi nyuma?

Nilimwuliza atanionyesha nini kuhusu masomo yake. Nilidhani ataniletea kitabu. Akaniletea daftari la kawaida, lenye jalada la bluu, pembe zimekunjika. Kila ukurasa ameugawa kwa mistari: swali, jibu alilotoa, na sababu ya kukosa. Ndilo daftari la makosa yake. Amelitunza tangu Novemba, kila siku, hata siku ya Krismasi.

Nililisoma taratibu, ukurasa kwa ukurasa. Mwanzoni sababu zilikuwa za mwanafunzi yeyote. Sikujua kimeng'enya hiki. Nimechanganya vizio. Nimesahau kanuni. Halafu kuelekea Februari hizo zikapungua. Alikuwa amejifunza. Lakini safu ya tatu haikubaki wazi, ilijaa neno lingine: nilichoka. Kwenye ukurasa mmoja nilihesabu mara 11. Nilijua, nilichoka. Nilisoma haraka, nilichoka.

"Unasoma saa ngapi?" nikamwuliza.

"Saa nne usiku mpaka saa saba."

Mchana anafanya kazi kwenye duka la dawa. Jumamosi, mama akirudi kutoka zamu na kulala, yeye ndiye anayebaki na wadogo zake wawili, wa miaka 9 na miaka 6. Halalamiki. Anawapenda. Ila akili inayofika mezani saa nne usiku imeshafanya kazi ya siku nzima.

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana wetu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara. Nimehubiri habari hiyo mara nyingi, na siku zote nilikazia gharama. Wiki hii nimeliona neno lililotangulia gharama: yule mtu anaketi kwanza. Kabla ya tofali la kwanza, anaketi. Yesu hasemi kwamba huyo hana imani. Anamtaja kama mtu mwenye busara. Kwa nini basi sisi tukimwona kijana ameketi kuhesabu tunaingiwa na hofu kwamba imani yake imepoa?

Lakini ngoja nisiende upande mmoja tu. Wapo pia wanaoahirisha kwa woga, mwaka hadi mwaka, na kila tarehe ikikaribia wanaona wanahitaji wiki nyingine. Nimewajua, nimewapenda, na nimeona jinsi ndoto inavyonyauka kwa kusubiri asubuhi isiyo na wasiwasi. Utajuaje basi kama unaketi kuhesabu au unajificha? Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwuliza swali moja tu: "Tuseme umesogeza mtihani kwa wiki sita. Hizo wiki sita zitakuwaje?"

Alifikiri muda mrefu. Friji ikanguruma, ikanyamaza.

"Zitakuwa kama hizi," akasema.

Hapo ndipo tulipoanza kuzungumza kweli. Kama saa nne usiku itabaki saa nne usiku, na Jumamosi itabaki ile ile, basi tarehe mpya ingemwongezea kurasa za "nilichoka" tu. Kilichohitaji kusogezwa kabla ya tarehe ni mzigo. Na mzigo ule hakuwa na uwezo wa kuusogeza peke yake, kwa sababu haukuwa wake peke yake.

Tulichukua karatasi. Zilikuwa zimebaki siku 34, na ada ya kubadili tarehe hupanda kadiri siku zinavyokaribia: ukiwa chini ya siku 60 unalipa zaidi, chini ya 30 zaidi tena, na zikibaki chini ya 10 huwezi kubadili kabisa. Kwa hiyo uamuzi ulitakiwa ndani ya siku 4. Akaniambia mwenyewe, na sauti yake ikawa imeanza kupata nguvu, kwamba fomu za maombi hufunguliwa mwezi Mei na kuanza kupokelewa mwishoni mwa mwezi huo. Kwamba vyuo vingi husoma maombi kadiri yanavyoingia, hivyo anayechelewa sana hukuta nafasi nyingi zimeshakwenda. Kwamba majibu ya mtihani huchukua takriban mwezi 1. Akiufanya mwishoni mwa Mei, majibu yatatoka mwishoni mwa Juni, na fomu zake anaweza kuzituma wakati anasubiri. Lakini akiuacha mpaka Agosti au Septemba, afadhali aombe mwaka unaofuata.

"Na ikibidi mwaka unaofuata?" nikauliza.

"Ikibidi, nitakuwa na miaka 24 badala ya 23," akasema, akacheka kidogo. Nilifurahi kusikia kicheko hicho. Daudi alipakwa mafuta na Samweli mbele ya kaka zake, na habari inayofuata tunamkuta bado na kondoo wa baba yake. Mwaka wa kungojea bado ni mwaka wa kuishi, una kondoo wake wa kuchungwa.

Sasa ilibaki kumwambia mama kwamba tarehe itasogezwa.

Alitoka chumbani saa kumi na moja, ameshavaa sare ya kazi, viatu vyake vyeupe mkononi. Binti alimweleza bila kuzunguka. Mama alikaa kwenye kiti, akaanza kufunga kamba za kiatu, akazifungua, akazifunga tena. Swali lake la kwanza lilikuwa lile ambalo sisi wazazi wa ugenini tunalibeba mioyoni: "Nitawaambia nini watu?" Huko nyumbani alikuwa ameshapiga simu. Bibi anajua. Wajomba wanajua.

Nilitaka kusema kitu cha kichungaji. Nashukuru sikusema. Mama mwenyewe, akiwa bado ameinamia kiatu, akasema polepole, "Mimi ule mtihani wa kusaidia wauguzi niliufanya mara mbili. Ya kwanza nilikosa. Sikumwambia mtu."

"Mama, hujawahi kuniambia."

"Niliogopa utaniona mdogo."

Yule binti aliinuka, akapiga magoti sakafuni, akamfunga mama yake kamba za kiatu cha pili. Hakuna aliyesema nisamehe, lakini nimekuwa mchungaji miaka mingi na naijua toba ninapoiona. Mama alikuwa anatua aibu aliyoificha miaka 9. Binti alikuwa anaacha uchungu wa kutangazwa. Ni mara ngapi tunawatwisha watoto wetu ushindi ili ufunike siku moja tuliyoshindwa sisi? Na je, wao wangelijua kosa letu, wasingetupenda zaidi?

Mpendwa, huenda siku yako si ya mtihani. Huenda ni siku ya harusi iliyokwisha kutangazwa na moyo wako una swali, au ni nyumba ya kijijini uliyoahidi itaezekwa kabla ya Desemba. Keti kidogo na mtu anayekupenda, mfungulie daftari lako, hata zile kurasa zenye neno moja lililorudiwa mara 11. Mungu wetu hachoki kuzisoma. Na ukiwa wewe ndiye unayeonyeshwa daftari la mwenzako, soma polepole, kisha uliza ni saa gani unaweza kumpunguzia.

Tarehe imebadilishwa Jumatatu, kabla ada haijapanda. Nafasi imepatikana mwishoni mwa Mei, katika kituo kilicho mbali kidogo. Mzee mmoja wa kanisa amesema atamwendesha. Duka la dawa limekubali kumpunguzia siku 2. Jumatano nilipita tena pale nyumbani. Duara la Aprili lilikuwa bado kwenye friji, limekatwa kwa mstari mmoja, halikufutwa. Kwenye ukurasa wa Mei kulikuwa na duara jipya, na safari hii mama hakuandika Daktari. Ameandika jina la binti yake.

Jumamosi asubuhi, kuanzia saa mbili, wadogo zake watakuwa kwangu mpaka jioni, na hivyo hivyo kila Jumamosi mpaka siku hiyo. Mke wangu ameshanunua unga wa maandazi. Yule wa miaka 6 ameniuliza kama nina mpira, nami nimemwahidi kwamba Ijumaa nitakwenda kuutafuta.