Nani Alikuwa Mbele?

Hapa Nyarugusu kazi yangu ni picha: harusi, ubatizo, pasipoti. Mwezi uliopita mtoto wa mjomba, ambaye sasa anaishi Marekani, akanipigia simu. "Yaya, nisaidie. Napiga picha za moto wa bastola kwenye uwanja wa shabaha, zinatoka nyeusi tupu."

Nikanyamaza kidogo. Mimi na yeye tulitoka Fizi usiku mmoja, tukiukimbia moto huo huo.

Lakini fundi akiulizwa ufundi, mdomo hujibu wenyewe. Nikamwambia asijaribu kuuwahi kwa kidole, maana unazaliwa na kufa kabla jicho halijapepesa. Ni kama radi ya masika: unaweka kamera kwenye stendi, taa zikishushwa unaacha shata wazi sekunde moja au mbili, moto ukija unajichora wenyewe.

Wiki ile ile akatuma. Jamani, ni nzuri. Kumbe bastola ya silinda haitemi moto mdomoni tu. Kati ya silinda na mtutu kuna mwanya mwembamba, na humo nao unachomoka pembeni, kama mbawa. Mbele, gesi ya baruti ambayo haijaisha kuungua inakutana na hewa, inawaka upya, ua kubwa la rangi ya chungwa. Miaka yote nilijua mlio. Umbo sikuliona, tulikuwa tumelala kifudifudi.

Sasa je, ni halali kuufurahia uzuri huo? Ndugu zetu wa mashirika watasema kijana anajitibu. Pengine. Yeye alisema tu, "Hapa nasimama nyuma ya bastola, yaya, na nikiacha mimi, inaacha." Kwa hilo siwezi kumlaumu. Aliyejificha chini ya kitanda akiwa na miaka tisa ana haki ya kusimama wima.

Ila mama alichukua simu, akaitazama picha muda mrefu, akauliza: "Nani alikuwa mbele?"

Karatasi, nikamjibu. Hakuridhika, na mimi pia sikulala vizuri. Mwaka 1964 profesa mmoja wa Marekani, Harold Edgerton, alipiga picha ya risasi ikipasua tofaa. Bunduki huioni, unaona tunda linavyofumuka pande zote mbili. Picha ya ndugu yangu ni kinyume chake: inakatika pale pale moto unapoishia. Mtoto sioni kosa lake, lakini picha ina deni. Yaani imekuwa nzuri kwa sababu imeacha upande mmoja nje.

Nikamwandikia: umepiga ngapi? Sita. Basi nitumie na karatasi.

Imefika jana. Nimezichapa zote mbili ubavu kwa ubavu, nikampelekea mama. Akavaa miwani, akahesabu matundu kwa kidole. Manne.

"Na hizo mbili," akauliza, "zilienda wapi?"