Shamba lenye lilitusomesha

Kwetu Bushi, upande wa Walungu, mutu akiulizwa utajiri wake hasemi kwanza feza. Anasema migomba, ngombe na kalinzi. Wasomaji wengi wanajua kalinzi ni nini, lakini watoto wetu waliozaliwa Bukavu hawajui tena, basi tuseme kidogo. Zamani mutu alimupelekea mwami ao chefu wake ngombe, ao mbuzi, naye akapewa udongo wa kulima, yeye na wana wake na wajukuu wake. Haikuwa kununua. Udongo ulibaki wa mwami, na mutu alibaki mutu wa mwami. Mwenye hakuwa na kitu alichukua bwasa: kulima musimu mmoja ao miwili kwa malipo, kisha kurudisha.

Sisi tulikomalia ku kalinzi ya namna hiyo. Kuzunguka nyumba kulikuwa migomba, na chini yake maharagi. Mbolea ya ngombe tuliibeba asubuhi mu kitunga mbele ya kwenda masomo, maji yake ikishuka mashavuni (wenye walibeba wanajua), na yote ilienda paka ku migomba. Mashamba ya mbali, ku mutelemko, hayakuona mbolea hata siku moja. Kule tulipanda muhogo. Chini kabisa, karibu na bonde, kulikuwa shamba lenye tuliita la chini. Ndilo lilikuwa zuri. Lilitoa viazi hata mu kiangazi, mwezi wa saba, wakati udongo wa juu umekauka.

Shamba hilo baba aliliuza mwaka 1996, mbele kidogo ya vita. Tulikuwa tunaingia mwaka wa tatu wa sekondari. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 wazazi ndio walibeba shule ku mabega, na ngombe wetu wawili walikuwa wamekwisha kwenda. Dada yetu mukubwa, yaya, alikuwa ameachishwa masomo ku mwaka wa tano wa primeri ili asaidie mama kulima. Hakuna aliyeona ubaya. Binti ataolewa, atalima kwa bwana yake: ndivyo ilisemwa, na hata sisi tulisema hivyo.

Tukapata diploma ya Serikali, kisha ISP, kisha chaki. Swali tunalotaka kuweka mbele ya wasomaji ni hili: mutoto mmoja akisoma kwa shamba la wote, anabaki na deni? Wazee wa kwetu wanasema hapana, baba halipwi. Ni kweli, baba halipwi. Lakini shamba halikuwa la baba peke yake. Kalinzi ilikuwa ya wale watakaokuja, naye alikuwa mulinzi wake tu. Alipoliuza, alichukua chakula cha watoto wanne akamupa mmoja, akitumaini huyo mmoja atainua wengine. Mushahara wa mwalimu, wasomaji wanaujua.

Baba alikufa mwaka 2008. Wadogo wetu wawili waligawanya kilichobaki. Sisi wa mjini hatukuomba. Yaya alikuwa amerudi nyumbani, mujane, na watoto. Akaomba kipande cha kulima viazi, si kikubwa. Mudogo mmoja akamujibu: "Yaya, mwanamuke hana kalinzi." Sisi tulikuwa tumeketi pale. Tulikuwa tunafundisha elimu ya uraia, tulikuwa tumewaandikia wanafunzi ku ubao kwamba Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 inamupa mutoto muke sehemu sawa na mutoto mume. Tukanyamaza. Tulijiambia ni heshima ya desturi. Leo tunaona ilikuwa haya tu: aliyekula shamba zima atafungua kinywa namna gani juu ya kipande?

Mutu wa sheria anaweza kusema kwamba tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973 udongo wote ni wa Serikali, kwa hiyo mwami, baba na wadogo wetu waligawanya kisicho chao. Hiyo ni hoja ya mu tribinali. Yaya hakuwa anaomba kwa Serikali. Alikuwa anaomba kwa watoto wenye alibeba ku mugongo.

Miaka mingi kisha, tulipanda mulima kusema sehemu yetu apewe yaya. Mudogo wetu akacheka, bila ubaya: "Mukubwa, sehemu gani? Yako si uliisha kuikula ku masomo?" Njia yote ya kurudi tulitafuta jibu, na hatukulipata, kwa kuwa alisema kweli.

Basi tulikwenda kwa muzee aliyenunua shamba la chini. Tangu 2019 tunalipa bwasa, musimu kwa musimu, na yaya analima pale viazi vyake. Akivuna anatuma mufuko mujini kwetu, na tukimukataza anakasirika.