Kugundua na Kuonyeshwa

Katika lugha ya safari hapana neno lipendezalo masikio kuliko neno kugundua. Msafiri aliyerudi kutoka mji mkuu wa Ulaya hasifiwi sana kwa kuuona mnara ambao kila mtu ameuona. Husifiwa akisema kwamba amegundua uchochoro usiojulikana, bustani isiyo na makundi ya watu, au kibaraza ambapo mtu aweza kuketi saa nzima pasipo kusukumwa. Sifa hiyo ina haki yake, maana mji haujulikani kwa lango lake peke yake. Lakini ndani ya sifa hiyo mna swali: je, mtu aweza kugundua mahali ambapo watu wengine wanaishi?

Swali hili laweza kuulizwa popote, lakini huko Nyegezi lina uzito wa namna yake. Nyegezi iko kusini ya mji wa Mwanza, kando ya ghuba ya ziwa, mahali penye majabali, mialo ya wavuvi na vyuo. Hapo ndipo kilipoanzishwa chuo cha mafunzo ya jamii mwaka 1960, ambacho mwaka 1998 kilikuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Kutoka mahali pa elimu namna hiyo vijana huenda ng'ambo kuongeza masomo. Na maji wayaonayo kila asubuhi kabla ya kuondoka ni maji ambayo yenyewe yalipata kugunduliwa.

Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke alifika Mwanza, akalitazama ziwa, akalipa jina la malkia wake, Victoria. Habari za ziwa hilo alikuwa amekwisha kuzipata Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, kwa wafanyabiashara wa Kiarabu. Njiani alifuatana na Sidi Mubarak Bombay, aliyekuwa ulimi na sikio lake. Watu aliowakuta walikuwa wakivua na kuvuka, na maji yao yalikuwa na jina, Nyanza. Speke aliambiwa, akaongozwa, akaonyeshwa. Kisha vitabu vyake vya mwaka 1863 na 1864 vikabeba neno ugunduzi katika anwani zao.

Hapana haja ya kumnyima mtu huyo ushujaa wake. Alitembea mwendo mrefu katika maradhi na taabu, na macho yake yalimuuma sana. Kosa lilikuwa katika hesabu: alichopewa alikiandika kuwa ni chumo lake. Kosa la hesabu likiachwa bila ya kusahihishwa huzaa makosa mengine. Miaka michache baadaye wakaja watu ambao kwao nchi iliyogunduliwa ilikuwa sawa na nchi isiyo na mwenyewe. Otto von Bismarck alikuwa mwenyeji wa mkutano wa Berlin, uliofunguliwa tarehe 15 Novemba 1884 na kufungwa tarehe 26 Februari 1885. Yeye hakufika Mwanza kamwe, lakini jabali zuri kuliko yote yaliyomo majini karibu na kati ya mji linaitwa mpaka leo Jiwe la Bismarck.

Basi mfikirie kijana wa Nyegezi aliyepata nafasi ya kusoma Berlin. Siku za kwanza ataongozwa kwenye Lango la Brandenburg, na kwenye makumbusho ambamo imesimamishwa mifupa ya mnyama mkubwa wa kale, iliyochimbwa Tendaguru, katika nchi ya Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913. Baada ya miezi atachoka na makundi, atatamani utulivu. Atapanda treni mpaka Wedding, kaskazini ya mji, na kuingia katika bustani ya Rehberge, penye miti mirefu na kimya. Akitoka atasoma majina ya njia: Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße. Moyo wake utafurahi kama wa mtu aliyesikia salamu ya kwao ugenini.

Akiuliza, atajibiwa mengine. Ataambiwa kwamba kabla ya vita ya 1914 Carl Hagenbeck, mfanyabiashara wa wanyama wa Hamburg, alikusudia kujenga huko bustani ya kuonyesha wanyama, na pamoja nao watu wa makoloni. Vita ilizuia shauri hilo, lakini desturi ya kuzipa njia majina ya Afrika iliendelea. Mwaka 1939 njia moja ilipewa jina la kumtukuza Carl Peters, aliyekusanya mikataba ya Usagara mwaka 1884. Mwezi wa Agosti 2024 sehemu ya njia hiyo iliitwa Maji-Maji-Allee, kwa heshima ya waliopigana mwaka 1905 mpaka 1907.

Akifika Brunnenstraße, mbele ya nyumba namba 193, atakuta bamba dogo la shaba lililolazwa kati ya mawe ya njia. Mawe namna hiyo Wajerumani huyaita mawe ya kujikwaa. Hili ni la Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana huko kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akatumikia jeshi la Wajerumani angali mtoto, na mwaka 1929 akaenda Berlin kudai mshahara wa baba yake na wake mwenyewe. Hakulipwa. Akawa mtumishi wa mezani, akacheza katika sinema, akafundisha Kiswahili. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya mapenzi yake na mwanamke Mjerumani, na tarehe 24 Novemba 1944 akafa katika kambi ya Sachsenhausen. Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Lakini aendaye mbele sharti kwanza ainamishe kichwa na kusoma kilichomkwaza.

Hapa mtu aweza kupinga. Atasema: je, kijana huyu hana haki ya kupumzika? Mjerumani aweza kuketi bustanini akala mkate wake kwa raha. Kwa nini Mwafrika alazimishwe kufanya kila matembezi kuwa matanga? Upinzani huu ni wa haki. Atafutaye majeraha tu katika mji wa watu naye hauoni mji. Huona huzuni yake mwenyewe. Mti wa Rehberge hauna hatia, na kivuli chake ni halali kwa kila aliyechoka.

Lakini kuuliza si kuomboleza. Kuuliza ni adabu ya mgeni. Pembe za mji huwa tulivu kwa sababu mbili: nyingine zimetulia kwa amani, na nyingine zimetulia kwa kuwa waliokuwamo wamenyamazishwa. Jicho haliwezi kuzitenga pembe hizo, kwa maana kimya chao hufanana. Mwenyeji ndiye awezaye. Na katika Berlin wenyeji hao ni Waafrika waishio huko pamoja na Wajerumani wenzi wao, waliodai kwa miaka mingi mpaka majina yakabadilishwa. Apitaye leo katika njia ya Maji Maji hakuigundua. Ameonyeshwa na watu waliojitaabisha ili aione.

Katika mtaa wa Neukölln upo mfano mwingine. Njia moja ilikuwa na jina la Hermann von Wissmann, aliyevunja upinzani wa pwani ulioongozwa na Abushiri bin Salim, aliyenyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Mwaka 2021 njia hiyo ilipewa jina la Lucy Lameck, binti wa Moshi, mpigania uhuru wa Tanganyika, aliyeingia bungeni na kuwa waziri mdogo. Hivyo Berlin ina njia yenye jina la mwanamke wa Kitanzania, na Mwanza ina jiwe lenye jina la waziri mkuu wa Berlin.

Haifuati kwamba jiwe lazima libadilishwe jina kesho. Yamkini jina hilo limekwisha fugwa: kinywani mwa mvuvi Bismarck si mtawala tena, ni jabali ambalo ndege hutua. Watu wana haki ya kulishika jina la mgeni wakipenda. Lakini kushika baada ya kuuliza ni uamuzi, na kushika pasipo kuuliza ni usahaulifu, ingawa kwa mtazamaji mambo hayo mawili ni jiwe lile lile. Kijana aliyejifunza Berlin kuinama na kusoma bamba la shaba hajamaliza safari yake mpaka atakaporudi ghubani na kuwauliza wazee jabali lile liliitwaje kabla.