Kaga Iliyofufuliwa Mezani

Ndugu zangu mnaopenda michezo ya vita ya mezani, hasa ninyi mnaowatungia wenzenu visa vya kuchezea, ninalo tukio la kweli ningependa tulitazame pamoja. Lilitokea Mei 1942 ndani ya manowari Yamato, ikiwa imetia nanga Hashirajima, Japani. Kwa siku nne kuanzia tarehe 1, maofisa wa jeshi la majini waliucheza mezani mpango wa kukiteka kisiwa cha Midway kabla ya kwenda kuutekeleza. Mwamuzi mkuu alikuwa Admirali Ugaki Matome, mnadhimu mkuu wa Admirali Yamamoto, mwenye mpango wenyewe.

Tusimame hapo kidogo, maana dalili ya kwanza ya mchezo unaoegemea upande mmoja ndiyo hiyo. Aliyeamua nani kazama na nani kapona alikuwa msaidizi wa mwenye mpango. Na waliokaa mezani walikuwa wakishinda karibu kila walikokwenda tangu shambulio la Pearl Harbor, Desemba 1941. Nani angetaka kuwa mtu wa kuleta nuksi?

Katika mchezo, ndege za Marekani kutoka kisiwani zilizivamia meli za Admirali Nagumo za kubebea ndege wakati ndege zake mwenyewe zikiwa mbali, zikikipiga kisiwa hichohicho. Luteni Kamanda Okumiya Masatake akarusha dadu kama kanuni zilivyotaka. Yakahesabiwa mabomu tisa yaliyopata shabaha. Akagi na Kaga zote mbili zimezama. Ugaki akakataa. Akayapunguza kuwa matatu: Kaga imezama, Akagi imeumia kidogo tu. Kisha mchezo ulipofikia hatua iliyofuata, uvamizi wa New Caledonia na Fiji, Okumiya akashangaa kuiona Kaga imerudi mezani, nzima kabisa. Haya aliyasimulia mwenyewe baada ya vita, katika kitabu alichokiandika pamoja na rubani Fuchida Mitsuo.

Wengi hukieleza kisa hiki kana kwamba dadu zilitabiri na Ugaki akaziba masikio. Mimi sioni hivyo. Mabomu tisa juu ya meli zinazokwenda mbio na kukwepa ni mengi mno, na siku ya vita vyenyewe ndege zilizoruka kutoka Midway hazikuipiga hata meli moja ya Nagumo ya kubebea ndege. Mwamuzi ana haki ya kusahihisha tokeo lisiloingia akilini, tena maofisa wale walikuwa na sehemu nyingine za mpango za kujizoeza. Tungekaa mimi na wewe kwenye kiti kile, huenda tungeamua vilevile.

Kilichowaponza ni kulifuta na swali pamoja na tokeo. Dadu zilikuwa zimeuliza: itakuwaje adui akitukuta ndege zetu zimekwenda kupiga kisiwa? Ni haki tuseme kwamba Ugaki mwenyewe aliwauliza watu wa Nagumo jambo hilo waziwazi, wakajibu kwa maneno yasiyo na mshiko. Yamamoto akaagiza nusu ya ndege zibaki melini zikiwa na silaha za kupigia meli, kazi ikaendelea. Hawakuzirudisha meli mahali pale na kucheza upya kuanzia hapo. Hiyo ndiyo dalili inayonisikitisha kuliko zote, kwa sababu meza ilikuwa mbele yao, na maofisa wote wamekaa.

Chini ya yote palikuwa na dhana kwamba meli za Marekani za kubebea ndege zingekuwa bado Pearl Harbor, na zingetoka baada ya kisiwa kushambuliwa. Adui alipewa zamu ya kucheza, asipewe uamuzi. Kumbe Wamarekani walikuwa wameanza kuzisoma jumbe za siri za Japani, na Admirali Nimitz akazituma Enterprise, Hornet na Yorktown kwenda kuvizia kaskazini mashariki ya Midway. Asubuhi ya tarehe 4 Juni, Nagumo alikwisha kuamuru ndege za akiba zibadilishwe silaha ili zikipige kisiwa mara ya pili, ndipo ikaja habari kwamba kuna meli za adui. Ilipopita saa nne asubuhi, Akagi, Kaga na Soryu zilipigwa na kuwaka moto ndani ya dakika chache. Hiryu ikapigwa jioni.

Sasa tuzitazame meza zetu. Ukiona umeandika ukurasa mzima juu ya upande mmoja, na upande wa pili umeuandikia tu kwamba unangoja mtoni, jihadhari. Ukijisikia unamwambia mchezaji kwamba jemadari wa kweli asingepita njia ile, jihadhari zaidi. Askari wa akiba wakianza kutokeza kila mara upande uupendao unapoelemewa, wachezaji wameshaona. Watanyamaza kwa heshima, na safari ijayo watakuwa na udhuru.

Tokeo likiwa la ajabu, lisahihishe mbele ya wote na useme sababu. Lakini kabla hujagusa kitu, piga picha ya meza ilivyo, kisha mchezo ukiisha zirudisheni meli palepale mcheze tena kipande hicho. Na kama unatunga kisa cha Midway yenyewe, nakusihi usiziweke meli za Marekani mezani wewe. Mpe mchezaji wake karatasi aandike kwa siri zilipo, hata akitaka kuziacha Pearl Harbor. Mwenye Akagi atume ndege zake za upelelezi zikazitafute.