Uso wa Shahidi katika Ngao ya Coburg

Mji wa Coburg, katika Bavaria ya Ujerumani, una ngao ya dhahabu yenye kichwa cha mtu mweusi aliyetazama kando, mwenye hereni sikioni na midomo myekundu. Naye si mwingine ila Mtakatifu Morisi, ambaye watu wa mji ule walimfanya msimamizi wao tangu karne za kati. Habari zake, kama zilivyoandikwa na Askofu Eucherius wa Lyon katika karne ya 5, zasema kwamba alikuwa jemadari wa jeshi lililotoka Thebe, Misri, na kwamba Kaisari Maximiano alipowaamuru askari hao wawaandame Wakristo wenzao, walikataa. Akaua mmoja katika kila kumi, wakakataa tena, akaua tena, hata wote wakaisha kwa upanga pale Agaunum, katika nchi iitwayo leo Uswisi.

Je, kuichukua sura ya shahidi kwatosha kuwa ni kumtukuza, ikiwa tendo lililomfanya shahidi halimo katika sura hiyo? Aliyechonga sanamu yake katika kanisa kuu la Magdeburg, yapata mwaka 1250, alimwonyesha Morisi kuwa Mwafrika kamili, amevaa deraya, na pete za chuma zimemfunika kichwa hata shingo, uso peke yake ukiwa wazi, mtulivu, wenye fikira. Na kila amtazamaye hufahamu kwamba huyu ni askari, na ya kuwa silaha alikuwa nazo alipokhitari kutozitumia. Ngao ya Coburg imemwachia rangi na hereni, pambo ambalo habari za kifo chake hazilitaji. Na mtu akivuliwa tendo lake, akabakizwa umbo tu, amekwisha kufanywa kitu cha kutazamwa.

Mwaka 1934 Wanazi walikiondoa kichwa hicho katika ngao, wakatia mahali pake upanga wenye swastika mpinini, nacho kikarudishwa mwaka 1945. Na mwaka 2020, ilipotolewa rai kwamba nembo ifutwe kwa kuwa yawadharau watu weusi, wako waliotoa hoja kwamba picha iliyochukiwa na madhalimu haiwezi kuwa ya dharau. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi, maana mwaka 1929, ilhali uso wa Morisi ungali katika ngao, Coburg ulikuwa mji wa kwanza wa Ujerumani kuwapa Wanazi wingi wa viti barazani, yaani kuwakabidhi mamlaka watu waliodai utii usio na dhamiri, utii ule ule ambao Morisi alikubali kufa kuliko kuutoa.

Basi taadhima ya shahidi haikai katika dhahabu wala katika jiwe, bali katika nafsi ya yule ambaye, akiamriwa kumdhulumu jirani yake, humkumbuka na kukataa. Ngao ile, ibaki ilivyo au ichorwe upya, itastahiki kuubeba uso huo maadamu watoto wa Coburg wanafundishwa, kabla ya habari yoyote ya rangi yake, ni amri gani aliyoikataa mtu huyu, na kwa nini.