Irabu Huletwa na Nani?

Katika Arquivo Histórico de Moçambique, mjini Maputo, zimehifadhiwa barua za Kiswahili za karne ya 19, zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu na masultani na mashehe wa kaskazini kuwapelekea wakuu wa Kireno. Walimu wajuao hati hizo watakumbuka taabu yake: alama moja hutumika kwa u na kwa o, na herufi be hutumika kwa b na mara nyingi kwa p.

Natunga mfano. Barua imefika Palma, nayo yasema: “Nataka kukopa fedha.” Kwa herufi zizo hizo, bila kuongeza hata nukta, yaweza kusomwa: “Nataka kukupa fedha.” Mhitaji amegeuka mkarimu, wala kalamu haikuguswa.

Mwaka 1967 Mfaransa Roland Barthes alitangaza kifo cha mwandishi, mamlaka akamwachia msomaji. Mwaka uo huo Mmarekani E. D. Hirsch alishikilia kwamba maana ni ile aliyoikusudia mwandishi. Barthes angeifurahia barua yetu. Sidhani kama mwenye fedha angeifurahia. Naye Hirsch angesema kweli, ila kusudi lile halina njia ya kutufikia isipokuwa kinywani mwa msomaji.

Mimi naona kwamba msomaji ndiye aletaye irabu, lakini hazitoi mfukoni mwake. Huzipata katika mstari unaofuata, kwani ikitajwa siku ya kulipa, basi ni kukopa. Huzipata pia katika desturi ya barua, na katika kumjua aliyeandika. Asomaye “kukupa” kwa sababu ndivyo apendavyo hakufasiri neno. Amejiandikia barua yake mwenyewe, na pengine amemdhulumu mtu.

Palma jambo hili si la darasani tu. Wenyeji husema Kimakwe na Kimwani, Kiswahili wanakijua kwa ujirani na biashara, na shule za serikali zimejengwa juu ya Kireno. Tarehe 24 Machi 2021 mji ulishambuliwa, watu kwa maelfu wakakimbia. Karatasi yaweza kutiwa kikapuni ikaokoka. Mzee aliyejua nani alimwia nani akakimbilia upande mwingine. Mjukuu atakayeikunjua atakuta herufi zote zimetimia, naye ataketi kati ya kukopa na kukupa, asiwe na mtu wa kumwuliza.